Nusu Karatasi Ukutani

Maabara, Hospitali Kuu
Jumatano, 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Simu yako nimeipiga siku tatu mfululizo, na yule mwanamke wa mtandao ananijibu kwa adabu kuliko wewe. Kwa hiyo dereva wa sampuli amekubali kuwa posta yetu. Kila Alhamisi atashusha barua yangu na kuchukua yako, pamoja na vichupa vyako vya damu. Tafadhali usiifunge pamoja na makohozi.

Chini ya barua hii kuna boksi la vipimo vipya. Kwa kifupi (Baba na acheke tu): mtu akivamiwa na bakteria, ini lake linamwaga protini fulani kwenye damu, nyingi sana. Akiwa na virusi, inamwagika kidogo. Kijiti hiki kinaipima protini hiyo. Toboa kidole, chukua tone moja, changanya na maji ya kwenye kichupa, dondosha matone matatu kwenye kijiti, subiri dakika tano. Mstari ukikolea ni bakteria, toa antibiotiki. Ukiwa hafifu ni virusi, mpe dawa ya homa, maji na maneno mazuri, aende nyumbani. Ukiwa wa katikati, pima tena kesho.

Unajua kwa nini tunahangaika. Wiki iliyopita tuliotesha vijidudu vya kidonda cha mama mmoja wa wodini, tukaviwekea dawa sita tofauti. Vikakua juu ya zote sita kama tumevimwagia mbolea. Kila kikohozi kikipewa kapsuli, huko ndiko tunakofika.

Maelezo yaliyokuja na boksi yalikuwa kurasa mbili za maandishi ya sisimizi. Nimeyatoa. Nimekuandikia ya kwangu kwa mkono, nusu karatasi, herufi kubwa, uibandike ukutani. Bosi ameiona akasema hiyo ndiyo akili. Chini palibaki nafasi, nikakuchorea kisura kinachocheka. Sheria kubwa ni ile ya juu kabisa: AMINI MSTARI, USIAMINI MACHO. Macho yako yana huruma mno, na huruma ndiyo inayomaliza kapsuli.

Msalimie Baba. Mwambie kabati lake la dawa limepata bosi mpya.

Kaka yako


Zahanati
Alhamisi, 10 Machi

Kaka, shikamoo,

Karatasi iko ukutani, juu ya meza yangu, na kisura chako kinamcheka kila anayeingia. Muuguzi anasema kinafanana na wewe ukiwa umeshiba.

Wiki hii tumepima watu thelathini na mmoja. Waliopata antibiotiki ni sita tu. Zamani wangepata wote, na wengine wangeomba za kuweka akiba. Nimetukanwa vya kutosha. Mama mmoja alishika kiuno akaniuliza, "Nimetembea saa mbili nije nichomwe kidole nipewe maji? Maji kwangu yapo!" Nikacheka, akacheka, akaondoka na maji.

Mpinzani wangu mkubwa unamjua. Asubuhi Baba anatoka nyumba ya wafanyakazi, anakaa kwenye benchi la wagonjwa kama na yeye anasubiri zamu. Watoto wanamwamkia, "Shikamoo Mzee Kapsuli!" na yeye anawaitikia kwa raha zake. Aligawa dawa pale dirishani miaka thelathini, hawezi kuamini kwamba siku hizi dawa inasubiri ruhusa ya mstari. Karatasi yako ameisoma mara mbili kwa miwani yangu. Akasema, "Huyu Kwakifupi hajaacha. Mdogo vile, ukimuuliza mwalimu kasema nini, anakwambia: kwa kifupi, nimefaulu." Halafu jioni nikamkuta amemleta fundi cherehani hadi mlangoni, anamwonyesha ukutani. "Unauona mwandiko huo? Mwanangu."

Sasa swali. Jumatatu kuna mzee aliletwa amebebwa. Mstari ulikuwa hafifu, karibu haupo, lakini alikuwa anahema kama anapanda ngazi, na midomo imebadilika rangi. Nikavunja sheria yako, nikampa sindano za antibiotiki. Leo ameondoka kwa miguu yake. Nilikosea? Nijibu kwa urefu mara moja katika maisha yako.

Mdogo wako


Maabara
Jumatano, 16 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwa urefu: ulikosea.

Mzee wako angepona kwa maji vilevile. Ukianza kusema "huyu mstari wake siuamini," kesho utasema hivyo kwa wa pili, na keshokutwa tumerudi kwenye dirisha la Baba. Usirudie.

Namba zako nimezipeleka kwa bosi, ameshangilia. Anataka nusu karatasi yangu ichapishwe, iende zahanati arobaini. Fikiria, kisura changu kwenye kuta arobaini! Nina mashati mawili ya kazi na sasa naanza kutafuta la tatu.

Mwambie Baba aache kuwachanganya wagonjwa kwenye benchi.

Kaka yako


Zahanati
Alhamisi, 24 Machi

Kaka,

Baba hatunaye. Amefariki jana saa sita mchana, hapa zahanati, nikiwa nimemshika. Simu imekataa tangu juzi. Dereva atakueleza njia gani inapitika. Tunakusubiri, tutazika ukifika.

Mdogo wako


Zahanati
Alhamisi, 31 Machi

Kaka, shikamoo,

Ulifika Ijumaa, ukazika, ukaondoka Jumamosi. Tulikaa kwenye benchi lake mimi na wewe, mgongo ukutani, na hakuna aliyesema neno zaidi ya "ongeza chai." Ulikuwa unatazama viatu vyako. Mimi nilidhani unanikasirikia, na bado nadhani hivyo. Acha nikuandikie basi, maana mdomo ulishindwa.

Jumapili alikataa chakula. Alikuwa na homa na kikohozi. Nikampima, mstari ukawa wa katikati. Karatasi inasema pima tena kesho, nikasubiri. Jumatatu akaanza kushika ubavu akikohoa. Nikampima, mstari ulikuwa hafifu. Nilifurahi, kaka. Nilimwambia, "Baba, inashuka, unapona." Nikampa dawa ya homa na maji. Jumanne makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu na kucha zilikuwa zimepauka. Macho yangu yaliona, hata muuguzi aliona na akanitazama. Nikampima mara ya tatu. Mstari ulikuwa unatafutwa kwa tochi.

Aliomba dawa mara moja tu, hiyo Jumanne. Nikamwambia hapana. Hakuomba tena.

Jumatano asubuhi maneno yake yakaanza kuchanganyika, akawa ananiita kwa jina la marehemu Mama. Nikavunja sheria nikamchoma sindano, saa mbili. Saa sita akaondoka.

Kwenye sanduku la leo kuna vijiti vyake vitatu, nimeviandika siku. Kuna pia kichupa cha damu niliyoitoa mkononi mwake Jumanne, nikaitenganisha na kuiweka kwenye friji. Ulipokuwa hapa sikuthubutu kukupa. Wewe una mashine na mimi nina macho tu, ambayo hayaaminiki. Pima uniambie nilikosea wapi. Kama niliusoma vibaya mstari, kama kidole kilikuwa na maji, kama dakika hazikutimia, niambie waziwazi. Nikijua ni mimi, nitaandika barua ya kuacha kazi. Siwezi kuwashika watoto wa watu mkono huu ukiwa ndio uliofanya hivyo.

Mdogo wako


Maabara
Jumatano, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepima. Ilikuwa virusi. Vijiti ulivisoma sawa, vyote vitatu, na damu inasema vilevile. Mapafu ya mzee wa miaka sabini na nane hayana nguvu ya kushindana. Hata ungempa dawa zote za kabatini, tungekuwa tulipo leo. Hukukosea popote. Barua ya kuacha kazi usiiandike, na kama umeshaandika, ichane.

Jambo dogo. Mgonjwa akija amezidiwa kabisa, usihangaike kumpima. Mpe dawa tu, umpakie kwenye gari. Ni utaratibu tu, usiumize kichwa.

Na ule uchapishaji nimemwambia bosi asubiri kidogo. Herufi hazijakaa vizuri.

Kula. Muuguzi alimwambia dereva kwamba huli.

Kaka yako


Zahanati
Alhamisi, 14 Aprili

Kaka, shikamoo, shikamoo tena,

Barua yako niliisomea nje, kwenye benchi, nikalia mpaka wagonjwa wakaja kunibembeleza mimi. Usiku huo nililala. Kesho yake nilikula ugali wa watu wawili. Hujui ulichonifanyia. Nilikuwa nimeshaiandika ile barua, ilikuwa mfukoni mwa koti, na nimeichana kama ulivyosema.

Naona unanihurumia, ndiyo maana unasema wagonjwa waliozidiwa nisiwapime. Unaogopa nikiona mstari hafifu nitamkumbuka Baba. Usiniogopee. Napima wote, tena waliozidiwa nawapima kwanza. Nisipoamini mstari sasa, itakuwa nimemnyima Baba dawa kwa mchezo.

Na sikukaa bure. Nimenakili nusu karatasi yako mara mbili kwa mkono, na kisura chako pia, ingawa changu kimetoka kimenuna. Moja nimeipeleka zahanati ya darajani na moja ya kule machimboni, pamoja na nusu ya vijiti vyangu. Nimewafundisha mwenyewe. Tabibu wa machimboni aliuliza, "Na mgonjwa akiwa mahututi na mstari hauonekani?" Nikamjibu kwamba hilo limeshapimwa hospitali kuu, kwa mtu ninayemfahamu.

Leo asubuhi ameletwa mtoto wa fundi cherehani, wa miaka miwili. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na hataki kunyonya. Mstari hafifu sana. Mama yake alipiga magoti, akashika sketi yangu. Nikamwinua, nikampeleka mbele ya karatasi, nikamsomea neno kwa neno. Nikamwambia baba yangu mwenyewe nilimtibu hivi hivi. Akaondoka amembeba bila kuaga. Zamani ningetetereka, kaka. Leo sikutetereka.

Dereva anapiga honi.

Mdogo wako


Maabara
Ijumaa, 15 Aprili, saa tatu asubuhi

Mdogo wangu,

Anayekuletea barua hii ni wa bodaboda, nimemwambia asizime injini. Kabla hujasoma mstari wa pili, mtafute mtoto wa fundi cherehani umchome antibiotiki. Nenda sasa. Barua itakusubiri.

Nilikudanganya.

Kijiti kina tabia moja. Protini ikiwa nyingi kupita kiasi inajazana na kujizibia njia yenyewe, na mstari badala ya kukolea unafifia. Kwa mgonjwa wa katikati kijiti kinasema kweli. Kwa aliyezidiwa kinaweza kusema uongo, na kadiri anavyozidiwa ndivyo uongo unavyozidi. Dawa yake ni kuipunguza damu mara kumi kwa maji ya kichupa na kupima tena. Damu ya Baba niliipima kama ilivyo, mstari ukawa kama ulivyouona wewe. Nikaipunguza mara kumi. Mstari ukatoka mweusi kabla ya dakika mbili. Nikaipunguza mara mia, na bado ulikuwa mweusi. Ilikuwa bakteria tangu siku ya kwanza, nimonia ya kawaida, ile ambayo Baba aliitibu dirishani mara elfu. Mstari wa Jumatatu haukuwa unashuka. Alikuwa anazama.

Usiseme kaka hakujua. Maelezo hayo yako kwenye ukurasa wa pili wa karatasi niliyoitoa kwenye boksi lako. Niliyasoma. Nikasema hawa watachanganyikiwa, nikayakata, nikachora kisura. Uliponiandikia habari za yule mzee aliyebebwa, ukurasa ulikuwa kwenye droo yangu. Sikufungua droo. Nilikuwa nafikiria kuta arobaini.

Na Jumatano ile, nimeshaona mstari mweusi kwa macho yangu, nilikaa hapa nikakuandikia "virusi." Nilijiambia nakuokoa wewe usiache kazi. Si kweli. Niliogopa utanitazama kama nilivyokuwa najitazama. Nikadhani nikikwambia waliozidiwa usiwapime, nimeziba tundu. Nimesoma barua yako jana jioni, nimeona ulichokifanya na tundu hilo, na usiku kucha nimekupigia simu haipatikani, wala hakuna bodaboda aliyekubali njia hiyo gizani.

Kurasa mbili zimo humu, zote. Zahanati ya darajani na ya machimboni ziondoe karatasi leo. Bosi nimemwambia yote saa moja asubuhi, kwa mdomo na kwa maandishi. Amenisimamisha kazi. Sijali.

Usiniamkie kwenye jibu lako. Sistahili kuitikia.

Kaka yako


Zahanati
Jumapili, 17 Aprili

Kaka,

Ulisema nisikuamkie. Sijakuamkia.

Mtoto ni mzima. Nilifika kwao nikikimbia, sindano mkononi, nikamkuta amekaa mkekani anavunja biskuti. Mama yake alipotoka kwangu hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja duka la dawa, akanunua antibiotiki bila cheti cha mtu, akaanza kumpa palepale dukani. Kitu kile kile ambacho mimi na wewe tulikuwa tunapigana nacho. Dozi aliyouziwa haikutosha, kwa hiyo tangu Ijumaa namchoma mwenyewe. Mama yake ananiruhusu, lakini hanitazami usoni. Amepona kwa sababu mama yake hakuniamini.

Darajani na machimboni nilikwenda kwa bodaboda yako hiyo hiyo. Karatasi nimezibandua kwa mkono wangu. Darajani walikuwa hawajapima aliyezidiwa. Machimboni walikuwa wamempima mmoja, msichana wa miaka kumi na minne, mstari hafifu, wakamrudisha kwao Alhamisi mchana. Tulipofika kwao Ijumaa walikuwa wameshamfunika. Damu yake hatuna, kwa hiyo hatutajua kamwe. Tabibu wa machimboni aliniuliza yule mtu ninayemfahamu aliyepimwa hospitali kuu ni nani. Nikamwambia.

Nimesoma kurasa zako mbili. Kisha nikakaa nikaandika kilichokosekana, kwa kifupi, kama unavyopenda: Mgonjwa akizidiwa na mstari ukififia, punguza damu mara kumi, pima tena. Ni maneno kumi na moja. Nimeyapima kwenye karatasi yako, yanaenea pale pale ulipochora kisura.

Vijiti sitavitupa. Jana nimempima mzee mmoja mara mbili kama inavyotakiwa, na kimesema kweli. Kazi siachi. Kurasa zote mbili ziko ukutani, na anayechanganyikiwa nitamsomea.

Sasa na mimi kuna jambo nilikuficha. Nililificha kwa ajili yako, maana nilidhani kosa ni langu na sikutaka uguswe nalo. Nilikuandikia kwamba Baba aliomba dawa mara moja na hakuomba tena. Sikukwambia kwa nini.

Jumanne ile aliniambia, "Mwanangu, hii naijua. Hii ni nimonia. Nipe dawa." Nilipokataa alikunja uso, ukawa ule uso wake wa dirishani. Nikaenda kuibandua karatasi ukutani, nikamletea kitandani, nikamvalisha miwani yangu. Aliisoma polepole, na kidole chake kikapita chini ya kila neno. Alipofika chini akacheka kidogo, ikamfanya akohoe. Akasema, "Kama Kwakifupi ameandika, basi amesoma kuliko mimi. Niache nilale." Akageukia ukuta.

Nilipomvua shati Jumatano, mfukoni nilikuta ufunguo wa kabati la dawa. Ule wa akiba, aliodai aliupoteza siku alipostaafu. Kabati liko hatua kumi kutoka kitandani pake, na Jumanne usiku kucha muuguzi alikuwa upande wa wazazi na mimi nilikuwa nimepitiwa na usingizi kitini. Angeweza kuinuka. Miguu yake ilikuwa bado inafanya kazi, maana chooni alikwenda mwenyewe.

Ufunguo nimeufunga kwenye pamba, uko kwenye bahasha hii. Kaa nao wewe. Kabati nimelibadilishia kufuli.

Mdogo wako